Macho hayamenywi kama machungwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Nasema kidogo kwa adabu tu, maana nikianza habari za lugha huwa sijui pa kukomea. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 31, na hata sasa nimestaafu, nikisikia kijana kwenye daladala anachanganya "since" na "for" shingo inageuka yenyewe.

Kisa ni ukurasa wenu wa wanafunzi wa Jumamosi, wiki mbili zilizopita. Ninaye mjukuu wa kidato cha pili. Alinifuata jikoni, gazeti lako mkono mmoja, daftari mkono mwingine, kalamu kaichomeka sikioni. Mlikuwa mmechapa jedwali la nahau kumi, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, na chini yake amri: tunga sentensi moja kwa kila nahau. Ya sita ilikuwa "keep your eyes peeled". Upande wa kulia mmeandika: "Weka macho yako yakiwa yamemenywa, kuwa mwangalifu." Basi. Hakuna mfano, wala hakuna aliyeambiwa nani husema hivyo, kwa nani, wakati gani.

Mjukuu wangu akatunga yake. Naiweka hapa kama ilivyo: "My grandmother keeps her eyes peeled because she is peeling onions."

Nikamwuliza, maana yake nini? Akasema, "Bibi, si unamenya vitunguu? Macho yanakuwasha, kwa hiyo unakuwa mwangalifu usijikate."

Nilicheka mpaka nikaweka kisu chini. Halafu nikaona si la kucheka. Mtoto alipewa kumenya, akapewa macho, akapewa uangalifu, akaenda kutafuta mahali ambapo hivyo vitatu vinakutana, akapakuta jikoni kwetu. Kwa viungo alivyopewa, mchuzi wake umeiva vizuri tu. Aliyekosea ni aliyempa viungo.

Wengi watasema kosa ni lile neno "yamemenywa", na ni kweli linachekesha. Lakini mimi nasema lililompoteza zaidi ni "mwangalifu". Neno hili kwa asili limetoka kwenye kuangalia, ila siku hizi ukimwambia mtu "kuwa mwangalifu" hafikirii macho. Anafikiria asianguke, asijikate, asitapeliwe, asimwage maziwa. Nahau ya Kiingereza haisemi hayo. Inasema fungua macho, kuna kitu kitapita au kitatokea, na usipotazama sawasawa kitakuponyoka. Mtu anayemenya vitunguu kwa uangalifu hatazamii kitu chochote kitokee. Anataka tu kumaliza.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na safari ya kwenda Amani, kule juu kwenye milima ya Usambara, kumwona mdogo wangu. Tukafika stendi ya Muheza mapema. Ambaye hajawahi kupita hapa Muheza ajue kwamba huu ni mji wa machungwa. Msimu ukifika yanapangwa barabarani kwa mafungu na kwenye matenga, na magari ya Tanga na Dar es Salaam hayapiti bila dirisha kufunguliwa. Nikamkalisha mjukuu kwenye benchi la mama mmoja muuza machungwa ninayemfahamu miaka mingi, nikamwambia, leo darasa liko hapa, mtazame huyu mama mikono, kisha umtazame macho.

Mikono kwanza. Chungwa liko kushoto, kisu kulia. Kisu hakisogei sana. Kinachozunguka ni chungwa. Anaanzia juu palipokuwa na kikonyo, na ganda linatoka jembamba kama utepe, linashuka bila kukatika mpaka chini, linaanguka kwenye karai. Ule utando mweupe unabaki wote, maana akiuchubua tone la kwanza litatoka kabla mteja hajalipa. Mwisho anakata kofia juu na kukupa chungwa na kofia yake. Shilingi mia mbili.

Sasa macho. Katika machungwa sita aliyomenya tukiwa pale, sikumwona akitazama chungwa hata moja. Macho yalikuwa barabarani upande wa Segera, yakirudi upande wa Tanga, yakipita kwenye kona ambako mgambo hupenda kutokea, yakirudi barabarani. Basi lilipochomoza kwa mbali, bado halijapunguza mwendo, mama alishainuka na sinia kichwani. Wenzake wawili waliokuwa wakipiga soga waliinuka baadaye na kukuta madirisha yameshajaa.

Nikamwambia mjukuu: hapo ndipo nahau yako ilipo. Kilichomenywa na mikono ni chungwa. Macho nayo ni kama yamemenywa kwa namna yake, ganda limetoka, maana ganda la jicho ni kope. Kope zikifunga huoni, zikilegea unaona nusu. Waliobuni msemo huu walimaanisha jicho lisilo na kifuniko.

Na waliobuni, Mhariri, ni Wamarekani wa karne ya 19. Kwanza walisema macho yaliyochunwa, "skinned", kama unavyomchuna mnyama ngozi, na hilo linaonekana katika maandishi ya kwao tangu miaka ya 1830. "Peeled" likafuata miaka ya 1850. Waingereza mpaka leo utawasikia wakisema lile la kuchuna, ingawa la kumenya nalo wanalo.

Hapa lazima niungame. Niliwahi kuambiwa kwamba nahau hii inatokana na Robert Peel, yule waziri aliyeanzisha polisi wa London mwaka 1829, ambao watu waliwaita "Peelers" kwa jina lake. Polisi hukaa macho, jina lake Peel, mambo yamejipanga yenyewe. Nami nikaifundisha hivyo kwa miaka kumi hivi, kwa kujiamini kabisa, nikiichora na kofia ya polisi ubaoni. Haina ushahidi. Msemo ulizaliwa upande wa pili wa bahari, na ndugu yake wa kuchuna hana uhusiano wowote na jina la mtu. Wanafunzi wangu wa miaka ile, kama mnasoma, ile kofia ifuteni.

Kwa hiyo siandiki kama mtu asiyekosea. Tena nahau hii hii ilishanifanya nionekane mjinga kabla sijaanza kuifundisha.

Mwaka 1989 nilikuwa mwalimu mgeni katika shule moja chini ya milima. Tulikuwa na Mwingereza wa kujitolea, kijana mpole, mrefu, kila siku magoti yake yana vumbi la baiskeli. Wiki ile mimi niliugua macho mekundu. Kope zimevimba, asubuhi zimegandana kwa tongotongo mpaka nizioshe kwa maji ya uvuguvugu, na zahanati wamenipa dawa ya tyubu ambayo ukishaipaka dunia nzima inakuwa ukungu. Nimekaa ofisini peke yangu, yeye anatoka kwenda darasani. Akapitisha kichwa dirishani akasema, "Keep your eyes peeled for a green Land Rover, will you?"

"Eyes" nilisikia. "Peeled" nilisikia. Mimi najua "peel" ni kumenya au kubanduka, na macho yangu siku hiyo yalikuwa kweli yanabanduka. Nikaona kijana huyu ananitania kwa ugonjwa wangu, tena amenichomekea na Land Rover ya kijani ambayo sikuelewa imeingiaje. Nikanuna. Nikageuza kiti nikatazama ukuta.

Land Rover ya kijani ilikuja. Ilikuwa imebeba maboksi ya vitabu kutoka Tanga. Dereva alisimama njia panda, akapiga honi mara mbili tatu, hakuona mtu wa kupokea, akaendelea na safari yake ya kupandisha mlima. Honi niliisikia. Vitabu vilirudi kwetu baada ya wiki nyingi, muhula umekwisha, na wakati huo wote watoto sita walikuwa wakichungulia kitabu kimoja. Yule kijana alipouliza kama gari lilipita, nilimjibu sikuliona, na hilo lilikuwa kweli. Mengine sikumwambia.

Ndiyo maana nikiona mtoto anapewa nahau bila kupewa mahali pake, naumia.

Na mahali penyewe si pagumu kupaonyesha. Pale stendi kuna maombi mawili yanayosikika kutwa nzima. Moja: "Mama, niangalizie begi langu, nakwenda msalani." Begi lipo, unaliona, kazi yako lisiondoke. Kwa Kiingereza hilo ni "keep an eye on my bag". La pili: "Ukiliona gari la Amani nishtue." Gari halipo, hulioni, kazi yako lisikupite. Hilo ni "keep an eye out for the Amani bus". Ukitaka kulikazia hilo la pili, labda kwa sababu gari ni moja tu asubuhi na dereva hana subira, ndipo unasema "keep your eyes peeled for the Amani bus". Mtoto akishika kwamba la kwanza ni la kitu kilichopo na mengine ni ya kitu kinachotarajiwa, hawezi tena kutia vitunguu.

Na hiyo "for" asiisahau, ndiyo inayobeba kile kinachotazamiwa. Macho ni mawili, "eyes". "Peeled" haibadiliki, nimesahihisha "keep your eyes peeling" mara zisizo na idadi, na kila mara nayaona yale macho yangu ya mwaka 1989. Tena ni lugha ya mazungumzo, ya rafiki kwa rafiki, ya baba kwa wanawe ndani ya gari. Usimwandikie mkuu wa shule barua ya kuomba kazi ukasema umekaa na macho yaliyomenywa ukisubiri jibu.

Nikiwa hapo hapo, niliguse na hili la "weka jicho", ambalo silo lenu peke yenu. Nalisikia redioni karibu kila siku. "Serikali imeweka jicho kwenye bei ya sukari." Sawa, sukari haina mama. Lakini hapa kwetu Tanga, nenda kwa mzazi mwenye mtoto mchanga umwambie, "Usijali, nimemwekea mwanao jicho." Utaona atakavyomfunika. Hapa jicho ni husuda. Mtoto anapakwa nukta ya wanja kwenye paji la uso, na wengine wanamfunga uzi mweusi mkononi, kusudi jicho lisimpate. Mimi mwenyewe nina diploma na nimewapaka wanangu wanja wote wanne. Mama akitaka umtazamie mwanawe atakwambia "niangalizie mtoto", na wewe utajibu "nenda, nipo naye". Jicho halitajwi.

Tatizo ni kwamba mnatafuta Kiswahili kimoja cha kuweka upande wa kulia wa jedwali, na hakipo. Kipo kingi, kinategemea unatazamia nini. Kama ni mamba mtoni, tunasema kaa chonjo. Kama ni mwizi mtaani, kuwa macho. Ingawa "kaa macho" nayo ina lake, maana ukimwambia mgonjwa akae macho atajua umemkataza kulala. Kama ni mgeni unayemtafuta kwenye umati wa watu, angaza macho. Vijana wa Nairobi wana "kaa rada", na mimi naipenda, imechukua mtambo wa kijeshi ikaufanya neno la mtaani bila kuomba ruhusa kwa mtu. Lakini jaribu kumwambia mtalii akae chonjo kwa sababu ya kinyonga! Atauliza kama kinauma.

Simzungumzii mtalii wa kubuni. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani anatembeza wageni kule Amani, kwenye hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa mwaka 1997. Wageni wanakuja kwa ajili ya ndege na vinyonga wa Usambara. Vinyonga anawaonyesha usiku kwa tochi, maana usiku kinyonga akilala kwenye ncha ya tawi rangi yake inafifia, tochi ikimpiga anaonekana mweupe penye majani meusi. Aliniambia kwamba sentensi anayoisema kuliko zote katika kazi yake ni hii: "Keep your eyes peeled, on your left." Anasema, Mwalimu, ile nahau imenisomeshea watoto. Hakuna hatari hapo, hakuna kujihadhari, hakuna "kuwa mwangalifu". Kuna kitu kidogo kizuri kimejificha na watu wanane wamekodoa macho gizani kukitafuta. Kwa Kiswahili ningemwambia aseme "tazameni sana, kushoto", au akitaka kuwachekesha, "kodoeni macho". Jedwali lenu lisingempa hata moja kati ya hayo.

Najua mtasema nafasi ya gazeti ni ndogo. Nimewahi kuandaa mitihani kwenye karatasi za kudurufu, naijua nafasi ndogo. Basi punguzeni nahau. Badala ya kumi toeni tatu, kila moja na sentensi mbili za watu wanaofahamika: konda, muuza samaki wa soko la Deep Sea, mama wa kliniki, mtoto anayesubiri matokeo. Watoto hawa wamesoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, wamefika kidato cha kwanza wamekuta kila somo limegeuka Kiingereza siku moja. Wanameza kila mnachowapa kwa sababu wana njaa ya lugha. Mjukuu wangu amelikata lile jedwali kwa wembe na kulibandika ukutani juu ya kitanda kwa ugali. Nimemwambia alibandue, amekataa, anasema limechapwa gazetini. Sasa ni zamu yenu kuchapa sahihisho na kunisaidia.

Nilitaka kufunga hapo, lakini haki ya mtoto nayo isemwe. Pale stendi, baada ya darasa la machungwa, nilimwambia anitungie sentensi mpya. Akafikiri kidogo, akasimama, akanipa begi lake, akasema, "Bibi, keep your eyes peeled for Amani bus. I am going to buy orange."

Nikamwambia vizuri sana, vizuri mno, ila "the Amani bus". Na "an orange". Akauliza kwa nini "the" na mabasi ya Amani yako zaidi ya moja. Swali zuri. Nikamweleza kwamba sisi wawili tunajua tunalisubiri lipi, kwa hiyo limeshakuwa letu. Akasema lakini Bibi, wewe ulisema Kiingereza hakina basi letu mpaka useme "our". Nikaanza kumfafanulia tofauti, na nilipofika katikati nilimwona yule mama wa machungwa ameshika kiuno, ananitazama kwa huruma.

"Shikamoo Mwalimu," akasema. "Gari la Amani si ndilo lile linaishia?"

Tulipanda la saa nane mchana.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga.